Sanduku la Gia Chini ya Jiriwa

Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo
9 Septemba 2023

Kaka Suud,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Huku tu wazima. Mwanangu Shahd kafaulu mwaka wake wa kwanza wa uuguzi na sasa anapima presha kila anayekatiza mbele yake, hata wateja waliokuja barazani kwangu kununua zipu. Jirani yetu Bi Kuruthumu anakusalimu na anauliza kama joto la Maskati linashinda la hapa. Nimemwambia akuulize mwenyewe, maana mimi simu zangu hupokei. Wifi Dalia na watoto wape salamu.

Karatasi ya baba nimemsomea mara tatu. Ulifanya la maana kurudia barua. Sauti ya simu inampita tu, baada ya saa moja kashasahau, lakini karatasi anaiweka chini ya mto na akiamka anataka asomewe tena. Basi tuendelee hivihivi: bahasha moja, karatasi mbili, ya baba ya kumsomea na yangu ambayo haioni mtu. Na hii ninayokuandikia ni yako peke yako. Mbaruku mchuuzi anasafiri Jumanne na madira yake ya kuuza, atakufikishia.

Sasa jambo lenyewe. Tangu baba apatwe na kiharusi, kinachonishinda ni kumwinua. Akinywa uji amelala unampalia. Mara tano kwa siku napitisha mikono chini ya kwapa zake, namvuta, namwegemeza kwenye mito, na robo saa haipiti keshateleza chini. Mgongo wangu umekwisha. Yeye naye anaona haya. Siku hizi anasema hana njaa ili nisije kumwinua, na hilo linaniuma kuliko mgongo.

Juzi niliingia karakana ya uani nikafungua lile sanduku chini ya jiriwa ya kubania vyuma. Nakuona ulivyokunja uso. Gia zimo zote jozi kumi na mbili, kila jozi skrubu yake nene ya chuma na gurudumu lake la shaba lenye meno, zimepakwa grisi na kufungwa kwenye magazeti moja moja kama maandazi ya safari. Unakumbuka nilivyokuwa nauliza ni za kazi gani? Baba alikuwa na jibu moja tu: "Hizo za Suud, ziache." Miaka ishirini na sita naambiwa ziache. Nyumba hii kila kitu kizuri kilikuwa cha Suud kwanza, mashine ya kukerezea, kiti cha karibu na baba, mpaka kichwa cha samaki. Nakwambia bila kuficha, nilikuonea wivu mpaka nikawa nalia chooni, na katika vyote hivyo sanduku hilo ndilo nililolichukia zaidi.

Sasa nimelipatia kazi. Nilifunga jozi moja kwenye jiriwa nikaijaribu. Ukizungusha skrubu, gurudumu linatembea. Ukilishika gurudumu ulisukume, skrubu haitikisiki ng'o. Maana yake mzigo ukishapanda haurudi mpaka uurudishe mwenyewe. Nataka kitanda kinachopanda kichwani kwa kuzungusha mkono wa chuma, na ukiachia kibaki palepale. Wewe ndiye fundi, msimamizi wa karakana ya watu huko. Nichoree tu, kazi nitaifanya mimi.

Mdogo wako,
Mauza


Maskati
21 Oktoba 2023

Mauza mdogo wangu,

Waalaykum salaam, marahaba. Hapa tu salama. Dalia anasumbuliwa na jino. Zayed kanipita kimo na sasa anavaa viatu vyangu bila kuniuliza. Achari ya embe imefika, ingawa nusu yake imemwagikia madira ya Mbaruku, na nilisikia maneno kwa ajili yake. Mpongeze Shahd.

Sanduku lile usiliguse. Zile ulizozifungua zifunge kama zilivyokuwa na urudishe chini ya jiriwa. Gia si zipu, Mauza. Inataka hesabu na inataka mtu aliyekaa na chuma. Kitanda kikimwangusha baba, utamwambia nini mtu? Vumilia mpaka baada ya Ramadhani, nitakuja mwenyewe, au nitatafuta kitanda cha hospitali kilichotumika nikitume kwa meli. Mchoro sitatuma kwa sababu najua nikituma utaanza.

Na ufunguo wa karakana umeupata wapi? Kakupa baba au umeuchukua mwenyewe? Mashine ya kukerezea umeiwasha? Bado inakohoa kwanza kabla haijashika mwendo? Basi, usinijibu hayo.

Kazi hapa ni nyingi, ndiyo maana simu sipokei.

Kaka yako,
Suud


Kariakoo
19 Novemba 2023

Kaka Suud,

Assalaam alaykum, shikamoo. Pole ya jino la wifi, asukutue kwa maji ya chumvi. Huku mvua za vuli zimetuingilia uani na zipu zangu za rangi ya maziwa zimeshika kutu. Shahd mzima.

Kitanda nimekwisha kukitengeneza. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Ufunguo alinipa baba. Aliufungua mwenyewe kwenye pindo la kikoi chake kwa mkono ule mzima, akanibandika kiganjani. Mashine ya kukerezea nimeiwasha, na ndiyo, inakohoa mara mbili kwanza. Nilikereza shafti mbili, ya kwanza nikaiharibu, ya pili ikatoka. Ubao wa kitanda nimeukata pale kiunoni nikautia bawaba. Fremu kanichomelea Beno wa Buguruni, yule fundi wa mageti, ambaye siku ya kwanza aliniuliza mume wangu yuko wapi nimpe maelezo. Siku ya pili aliacha kuuliza. Jozi moja ya gia inainua mgongo, jozi nyingine inainua magoti. Mkono wa kuzungushia uko miguuni. Hata Shahd anauzungusha kwa mkono mmoja huku ameshika simu.

Lakini siku ya kwanza niliaibika. Nimemlaza baba, Beno kasimama mlangoni, Bi Kuruthumu kaja kutazama. Nazungusha kulia kama watu wote wanavyozungusha, na baba badala ya kupanda anakwenda chini, kichwa kinateremka na miguu inamtazama Beno. Nikazungusha kushoto, akapanda taratibu mpaka akakaa wima kama imamu. Nimezijaribu jozi zote kumi zilizobaki, Suud. Zote zinakwenda kinyume. Beno alitaka kuvunja aanze upya, nikamkataza. Nimechora mshale wa kushoto kwa rangi ya kucha ya Shahd na maisha yanaendelea. Wewe unajua kwa nini ziko hivyo?

Na kuna jingine. Baba alipokaa wima alicheka, mara ya kwanza tangu kiharusi cha mwezi wa nne. Akapapasa lile gurudumu la shaba pembeni mwa kitanda, akamwambia Bi Kuruthumu, "Kazi ya Suud hii." Nilidhani ni uchovu. Lakini kesho yake kamwambia hivyohivyo mzee Abdulswamad wa msikitini, na keshokutwa yake kamwambia mwuza kahawa. Sasa mtaa mzima unasema Suud kamtumia babake kitanda cha ajabu kutoka Uarabuni. Wanakusifu mbele yangu, kucha zangu zina grisi.

Uji sasa anamaliza bakuli. Hilo nashukuru.

Mauza


Maskati
30 Desemba 2023

Mauza,

Waalaykum salaam. Jino limeng'olewa. Watoto wazima.

Mbaruku alinionyesha picha ya kitanda kwenye simu yake. Zile bolti za bawaba ni nyembamba, zitakatika, weka za ukubwa unaofuata. Grisi uliyotia ni nyingi, itakusanya vumbi. Mkono wa kuzungushia ungekaa ubavuni, miguuni utagonga watu. Na Beno wako anachomelea kama anayepaka siagi kwenye mkate.

Sikuomba kusifiwa na mtu.

Kuhusu swali lako, gia ni gia. Ukizungusha kushoto inapanda, basi zungusha kushoto.

Suud


Kariakoo
18 Januari 2024

Suud,

Salaam. Shikamoo utaniwia radhi, leo sinayo. Sote tu wazima na bolti nimebadilisha, maana zile ulizosema kweli zilianza kupinda. Unaona, naweza kukubali pale unapopatia. Wewe umeandika ukurasa mzima hukuweza kuandika neno moja, "umeweza". Hata "si kibaya" ingenitosha.

Nikueleze ya Ijumaa. Mzee Abdulswamad kaja na watu wanne kumwombea baba dua. Wamemkuta kakaa wima, kavaa kofia, wakafurahi. Baba kapapasa gurudumu lake, "Kazi ya Suud." Basi mzee akainua mikono: Mungu amlipe Suud, amzidishie Suud, kila mzazi ajaliwe mtoto kama Suud. Na mimi nimesimama miguuni nimeshika mkono wa kuzungushia, tayari kumwinulia magoti akianza kuteleza. Ningefanya nini? Nikaitikia amina. Nimeitikia amina mara saba kwa ajili yako, nimehesabu.

Nina wivu. Sioni haya kuusema, nina miaka arobaini na minne na mgongo mbovu. Wewe uko mbali huoshi mtu, huamki mtu, na bado ukitajwa macho yake yanang'aa. Mimi niko hapa kila siku, na mtu aliye hapa kila siku haonekani, anakuwa kama ukuta. Nilimwambia, "Baba, nimetengeneza mimi." Akanipigapiga mkono kama unavyombembeleza mtoto aliyesema kaona simba uani.

Sitaki kitu kingine kwako. Kitanda chako cha hospitali usikitume. Nataka kwenye karatasi ya baba, ile ninayomsomea, uandike mstari mmoja: kitanda hiki katengeneza Mauza. Wewe ukisema atasadiki. Ukiona huwezi, basi mwandikie yeye tu, karatasi yangu uiache.

Mauza bint Hamood


Maskati
4 Machi 2024

Mauza mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Marahaba, ingawa hukuniamkia. Dalia na watoto wanakusalimu, na Ramadhani hiyo inaingia wiki ijayo Mungu atufikishe sote. Mbaruku alikuja mara mbili bila kuondoka na barua yangu. Mara ya kwanza nilimwambia sijamaliza, mara ya pili nilijificha stoo. Nimeshachana karatasi nyingi, na hii isomeke hivihivi ilivyo.

Unakumbuka mwaka ule baba alipokwenda Tanga kwenye msiba wa shangazi, akakaa siku kumi na nane? Aliniachia kazi ya mtu wa mashamba ya chumvi, jozi kumi na mbili za gia za kuinulia milango ya maji. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijiona fundi kuliko yeye. Nilipanga mashine kinyume, meno ya skrubu yakaelekea kushoto, na magurudumu nikayakata yafuate skrubu. Zilishikana vizuri, nikafurahi, nikaendelea mpaka ya kumi na mbili bila kujaribu hata moja kwenye mlango. Baba aliporudi alichukua jozi ya kwanza akazungusha. Akachukua ya pili. Hakuzungusha ya tatu. Mwenye chumvi alizikataa, na alikuwa na haki. Milango yake mingine yote inafunguka kulia, wafanyakazi wake wangefungulia bahari wakidhani wanaifunga.

Hakunikaripia, Mauza. Angenipiga ningepona. Alimwambia yule mtu kosa ni lake yeye Hamood, akakaa wiki tatu akakata nyingine kumi na mbili kwa mikono yake, hakutaka nimsaidie. Zangu akazipaka grisi akazifunga kwenye magazeti, wewe ukaja na maswali yako, akakujibu, "Hizo za Suud, ziache." Wewe ulidhani ni zawadi anayoniwekea. Mimi kila nikiyasikia maneno hayo nilitamani sakafu inimeze. Maskati niliikimbilia kwa sababu ya lile sanduku, si kwa sababu ya riziki kama nilivyowaambia.

Kwa hiyo baba hajakosea. Nimezikata mimi kweli.

La pili. Mimi si msimamizi wa karakana ya mtu yeyote. Tangu mwaka wangu wa pili huku nimeajiriwa dukani, nauza mabomba na koki, nakaa nyuma ya kaunta na kalamu mfukoni. Tupa ya kusugulia chuma sijaishika miaka mingi. Simu sipokei mchana kwa sababu ungewasha video ukaona koki nyuma yangu. Mbaruku alipotoa ile picha sikukitazama kitanda. Nilitazama kucha zako. Nikakuonea wivu mpaka chai ikanipoa mbele yangu. Umekaa pale pangu, unasikia ile mashine ikikohoa, na ule uchafu nilioacha chini ya jiriwa umeufanya kitu kinachomlisha baba uji. Mimi nilikuwa nao miaka yote kichwani sikuupatia kazi. Ndiyo maana nikaandika habari za bolti.

Umeweza. Nimeandika.

Karatasi ya baba iko ndani, nimeandika ulivyotaka, zaidi ya mstari mmoja. Haya mengine ya gia kinyume usimsomee. Nitamwambia kwa mdomo wangu, nikipewa uhai.

Suud


Kariakoo
21 Aprili 2024

Kaka Suud,

Assalaam alaykum, shikamoo, na ile ya Januari uihesabu na hii. Idi imepita salama, baba alivaa kanzu mpya na alipokea watu akiwa amekaa. Shahd yuko wodini kwa mazoezi, anarudi amechoka, hata presha hapimi tena. Wifi mwambie vikuku alivyonitumia vimefika.

Karatasi yangu niliisoma uani nikiwa nimekalia sanduku. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika nikakosa pa kuanzia. Miaka yote hiyo nimelionea wivu sanduku la makosa yako. Nimecheka peke yangu, kisha nikakuonea huruma, kisha nikakasirika kidogo kwa ajili ya koki. Ungesema, Suud. Ningekucheka wiki moja tu.

Sasa ya baba. Nilimwinua, nikamvalisha miwani ingawa nasoma mimi, nikasoma kwa sauti: "Baba, kitanda unachokalia katengeneza Mauza kwa mikono yake. Mimi sikuchora mstari hata mmoja. Ukikisifu, msifu yeye." Nikamtazama usoni kama nasubiri matokeo ya darasa la saba. Baba kafikiri. Kachukua karatasi, kaikunja, kaitia chini ya mto. Kisha akasema, "Suud ana adabu sana. Unaona anavyomsifu mdogo wake?"

Nilitoka nje. Nilitaka kuliingiza lile gurudumu la shaba mdomoni nilitafune. Hata ukikiri unaongezewa sifa wewe. Siku tatu nimezungusha kitanda bila kuzungumza.

Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, nakuapia. Ndipo siku ya nne ya Idi kaja Bi Kuruthumu na sahani ya visheti. Mama yake kaanguka bafuni huko Mchikichini, kavunjika nyonga, amelala chali hawezi kula. Akakaa karibu na baba akamwambia, "Mzee Hamood, nimekuja kukuomba. Tumwandikie Suud amtengenezee na mama yangu kitanda kama hiki." Mimi nilikuwa nawamiminia chai, nikajiambia haya, twende, amina ya nane.

Baba akafumba macho, Bi Kuruthumu akanitazama kama kuniuliza kama amelala. Kisha baba akainua ule mkono wake mzima akautikisa.

"Suud msimwandikie," akasema. "Atazikata kinyume tena. Mwambieni Mauza."

Bi Kuruthumu alicheka, akadhani mzee anaweweseka, anachanganya mambo ya zamani. Mimi birika liliniponyoka, visheti vikaogelea. Karatasi yangu haijasomwa na mtu, Suud. Hakuna aliyemwambia. Anayo yote kichwani, miaka ishirini na saba, yako na yangu.

Nikamwuliza, "Baba, umesema nini?" Nilitaka kusikia tena, si kwamba sikusikia. Akanionyesha kidole kwenye chai iliyomwagika, akasema nifute kabla godoro halijalowa. Basi nikafuta, huku nalia waziwazi mbele ya mgeni, na Bi Kuruthumu ananipa pole ya visheti.

Jozi kumi zimebaki. Kitanda cha mama yake naanza Jumamosi, Beno kakubali kuja na mashine yake ya kuchomelea. Mashine ya kukerezea imezidisha kikohozi na mimi siwezi kuifungua tumbo, hiyo inakutaka wewe. Kaunta ya koki iombe likizo. Ufunguo uko kwenye pindo la khanga yangu, na ukifika utaniomba.

Mauza